Mutombo wa dola mbili

Tangu Dikembe Mutombo afariki tarehe 30 septemba 2024, mu grupu yetu ya WhatsApp kunapita ujumbe mmoja wenye kurudi kila juma na maneno tofauti. Unasema hivi: kuko karte za Mutombo zilizochapwa Marekani mwaka 1991, wakati alianza kucheza NBA, mtu akifa, karte yake inapanda bei, tununue sasa, tuchunge, kisha tuuzie wazungu. Mmoja wetu alifika mpaka kupendekeza tutoe dola 240 za likirimba (tuko watu 12, kila mtu dola 20 kwa mwezi) tununue nazo karte tu. Yaya yangu mmoja, mtoto wa baba mkubwa, anaishi Ottawa na anakusanya karte za hoki ya barafu tangu alifika kule. Yeye ndiye angetununulia. Njo maana watu wamenigeukia mimi, sawa vile kuwa na ndugu Kanada ni kujua kila kitu cha Kanada.

Bon, nimefanya kazi yangu. Nilimuomba yaya anitumie foto za karte, mbele na nyuma, nikazisoma kama mtu anavyosoma kitabu, na nikamuuliza maswali mpaka akachoka. Ninachoona ni hiki: kama kitu cha kuangalia na kukumbuka nacho, karte ni kazi nzuri yenye kasoro kubwa. Kama akiba, ni mbegu iliyochemshwa.

Kwa mwenye hajaiona: ni kikaratasi kigumu, ukubwa wa karte za kucheza, karibu sentimita 6 na nusu kwa 9. Mbele kuna foto ya mchezaji, jina, alama ya ekipe. Nyuma kuna tarehe ya kuzaliwa, urefu, kilo, na safu za hesabu: michezo mingapi, pointi ngapi. Zamani haziuzwi peke yake. Zilikuwa zawadi ndani ya pakiti ya sigara, kisha ndani ya shikleti. Topps ya Marekani ilianza 1938 kama kampuni ya shikleti. O-Pee-Chee ya mji wa London, ule wa Ontario si ule wa Uingereza, nayo ilikuwa ya shikleti na bonboni. Karte ilikuwa ya kumvuta mtoto anunue utamu. Sisi pia hapa Nguba, tulipokuwa wadogo, tulijua kitu kile: picha ndogo ya mchezaji ndani ya shikleti. Tulizipanga chini zimefunika uso, unapiga na kiganja, ile yenye kugeuka ni yako. Mwisho wa siku zote zilikuwa na vumbi na mikunjo. Hakuna mtu aliwaza kuzichunga. Muweke hilo kichwani, juu ndilo linaeleza bei.

Yaya akianza kuzungumzia hoki hamalizi. (Musicheke hoki. Nairobi kuko ekipe ya hoki ya barafu, Kenya Ice Lions, inayofanya mazoezi kwenye kiwanja kidogo cha barafu ndani ya hoteli. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, ambao kule ni kama vile kwetu kucheza na Messi.) Karte anayoiota yaya, na ambayo hataipata, ni ya Wayne Gretzky ya msimu wa 1979-80, iliyotolewa na O-Pee-Chee. Desemba 2020 moja iliuzwa dola milioni 1,29. Mwaka 2021 bei ya karte ya namna ile ilifika dola milioni 3,75.

Nilimuuliza: kwa nini? Gretzky ni mkubwa wa hoki, sawa. Lakini karte zile zilichapwa nyingi. Kumbe mashine za O-Pee-Chee zilikata karatasi kwa waya, na kingo zikatoka na manyoya. Foto mara nyingi haikukaa katikati. Na watoto wa Kanada walifanya kama sisi: walizichezea, walizifunga kwenye nyaya za gurudumu la baiskeli ili ilie kama pikipiki. Sasa kuko kampuni ya Marekani, PSA, inayopima hali ya karte na kuipa pointi kutoka 1 mpaka 10. Katika karte zote za Gretzky za mwaka ule walizopima, mbili tu zilipata 10. Kwa hiyo ile milioni 3,75 haipimi Gretzky alicheza vizuri kiasi gani. Inapima watoto wangapi waliharibu za kwao.

Hadithi ya baseball iko vilevile, tena na maji. Mwaka 1952 Topps ilitoa karte za baseball. Sehemu ya mwisho ilichelewa, haikuuzika, boksi zikabaki mu depo. Mwaka 1960 Sy Berger, aliyezitengeneza, alizipakia kwenye mashua akazimwaga mu bahari ya Atlantiki. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa anaihadithia. Ndani mulikuwa karte za Mickey Mantle. Agosti 2022, Mantle moja ya 1952 iliuzwa dola milioni 12,6.

Sasa tufike 1991. Wamarekani walikuwa wameshasikia bei za karte za zamani. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 watu wazima walianza kununua boksi nzima na kuifungia mu kabati, wakisema hiyo ni pesa ya masomo ya mtoto. Kampuni zikaona, zikachapa bila kuhesabu. Kwa basketi peke yake, msimu wa 1991-92 kulikuwa Hoops, Fleer, SkyBox na Upper Deck, na zote zilimchapa Mutombo. Wakusanyaji wenyewe leo wanakiita kipindi kile kipindi cha takataka. Hakuna mtoto aliyefunga Mutombo kwenye baiskeli. Ziko nzima, safi, ndani ya plastiki, zaidi ya miaka 30 sasa. Karte yake ya kawaida ya mwaka ule unaipata kwa dola moja, dola mbili. Ya mtu aliyezuia mipira 3.289, wa pili katika historia ya NBA nyuma ya Hakeem Olajuwon. Ya mtu aliyechaguliwa mlinzi bora wa mwaka mara nne, akaingizwa Hall of Fame mwaka 2015. Dola mbili! Ni kweli, mtu akifa, muuzaji anafuta mbili anaandika tano. Lakini karte hazijapungua hata moja.

Mimi nilisoma agronomi, munisamehe, siwezi kuacha. Mukumbuke vanilla. Karibu 2018 kilo ya vanilla ya Madagascar ilifika karibu dola 600, na kutoka kule mpaka Uganda na huku Kongo ya mashariki watu wakapanda. Vanilla inaomba karibu miaka mitatu kabla ya kuzaa. Miaka mitatu ilipoisha, kila mtu alivuna pamoja. Madagascar ikaweka bei ya chini kabisa ya kuuza inje, dola 250, mwaka 2020. Mwaka 2023 ikalazimika kuiondoa. Ni mchezo uleule, watu walipanda wakiangalia bei ya jana. Ila vanilla hata ikianguka bei inanukia, inaingia mu keki. Karte ya mia ya Mutombo ni sawasawa na ya kwanza.

Kampuni zilijifunza, lakini zilijifunza vibaya. Zilipoona takataka imejaa, zikaanza kutengeneza uchache kwa makusudi. Mwaka 1997 kulitoka seria moja ya basketi ambamo kila mchezaji alichapwa mara 100 tu, kumi za kwanza kijani, 90 zingine nyekundu, na nambari imeandikwa kwenye karte. Leo kampuni zote zinafanya vile, na watu wanafungua pakiti juu ya pakiti wakitafuta ile moja. Hapo kwangu ndipo mchezo uliharibika. Uchache wa Gretzky ulitoka kwenye maisha: mikono michafu, mvua, mama anayefagia chumba na kutupa makaratasi. Uchache wa 7 juu ya 100 ni uamuzi wa ofisi. Ile ni tombola iliyovaa jezi, na ninashangaa watu wazima wanaiita kukusanya.

Turudi ku dola 240 zetu. Tuseme yaya ananunua Mutombo 100 kwa dola 2 moja, na dola 40 zinabaki kwa usafiri. Ili mtu wa kule alipe zaidi ya dola mbili, lazima karte ipimwe. Kupima moja tu kunapita dola 15, yaani zaidi ya mara saba ya karte yenyewe. Ikipata 8, umelipa dola 15 kujua kwamba kitu chako ni cha dola mbili. Kuuza kwenye eBay kunakatwa karibu 13 kwa 100. Pesa inaingia kwenye konti ya yaya, kisha atutumie, na kutuma nako kunakatwa. Na karte zenyewe zikae wapi? Zikibaki Ottawa, sisi tuko na nini mkononi? Zikija mpaka hapa, zipite Kigali, Kamembe, tuvuke nazo Ruzizi, nani wa Bukavu atazinunua? Soko la karte liko pale watu walikua nazo. Zaidi ya hayo kuna unyevu. Hapa karibu na ziwa, msimu wa mvua, hata diplome yangu imeanza kuota madoa ndani ya bahasha yake. Karte yenye kuota madoa PSA hawataipa 10.

Niliandika hesabu hii mu grupu. Jibu lilikuja mbio: "Yaya, weye unasoma sana, njo maana ukiona pesa inakuja unaogopa." Mwingine akaongeza: "Ata bitcoin bantu balicheka." Nilicheka nami, lakini si jambo la kucheka. Katika sisi 12, wenye kazi ya mshahara ni wanne. Mimi dola 20 ninayotoa ninajua ilikotoka: ni siku za kupima mashamba ya watu huko Kabare, na mvua mgongoni. Mwezi wa saba dola 240 zile zilinunua cherehani na vitambaa vya mwenzetu mmoja, na leo anashona uniforme za watoto. Ile cherehani PSA hawataipa hata pointi 4. Lakini mwezi wa tisa alilipa dola 20 yake bila kukumbushwa.

Sasa nisieleweke vibaya. Kuna wenzetu wengine waliandika kwamba karte ni ujinga wa wazungu, makaratasi ya watoto. Na hao pia siko pamoja nao. Nilipopokea foto za yaya, nilikaa nazo muda mrefu, zaidi upande wa nyuma. Upande wa mbele ni wa kila mtu. Nyuma ndipo mtu aliamua nini kiandikwe juu ya binadamu mzima mu nafasi ya kiganja kimoja. Ni uhariri mkali kuliko wa memoire yoyote tuliyoandika universite, na kurasa zetu zilikuwa 60.

Karte ya mwaka wa kwanza ni karte ya ahadi, na huo ndio uzuri wake. Inachapwa mtu bado hajafanya kitu. Ile ya 1991 haijui kwamba msimu wake wa kwanza atamaliza na wastani wa pointi 16,6 na ribaundi 12,3. Haijui mwaka 1994, Denver iliyoingia ya nane ikitoa Seattle iliyokuwa ya kwanza, na yeye amelala chini, mpira ameushika kwa mikono miwili juu ya kichwa, uso wote furaha. Haijui kile kidole chake cha "hapana" ambacho watoto wa basketi hapa Bukavu bado wanakitikisa wakizuia mpira. Ukiishika leo, weye unajua yote na karte haijui. Hiyo inagusa moyo, na hailipiwi.

Lakini kuna yale ambayo karte haina nafasi yake hata ingetoka leo. Mutombo alitoka Kinshasa mwaka 1987 na bourse ya USAID kwenda Georgetown, akiwaza kuwa daktari. Mwaka wa kwanza kule hakucheza. Alimaliza 1991 na diplome ya lugha na diplomasia, na mwenyewe alikuwa anazungumza lugha tisa. Kisha akajenga Kinshasa hospitali yenye jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, iliyofunguliwa 2007, vitanda 300. Nyuma ya karte kuna safu ya pointi, safu ya ribaundi, safu ya mipira iliyozuiwa. Safu ya vitanda hakuna. Hapo ndipo kasoro kubwa ninayoiona: karte inajua kuhesabu kile ambacho mchezo umekubali kuhesabu tu, na soko la karte linahesabu pungufu zaidi, linahesabu kingo za karatasi.

Na Mutombo ana bahati. Watu wetu walioingia mbele yake kwenye picha za namna hii walikuwa wa mpira wa miguu. Panini, kampuni ya Modena mu Italia iliyoanza 1961, ilitoa album yake ya kwanza ya Kombe la Dunia mwaka 1970, na ile ya München 74 iko na Zaire, nchi ya kwanza ya kusini ya Sahara kufika kule. Tunajua matokeo: Scotland 2-0, Yugoslavia 9-0, Brazil 3-0. Katika ekipe ile alikuwa Ndaye Mulamba. Mwaka uleule 1974, kwenye Kombe la Afrika kule Misri, alikuwa amefunga mabao 9, na mpaka leo hakuna aliyefunga zaidi mu Kombe moja. Kwenye mchezo wa Yugoslavia refa alimfukuza yeye, na aliyempiga refa teke alikuwa Mwepu Ilunga. Refa hakuwatofautisha! Mtu ambaye sura yake ilikuwa inajulikana Afrika nzima, refa aliona mweusi mmoja tu.

Muendelee kusikiliza, juu haikuishia pale. Mwaka 1994 aliitwa Tunisia kupewa heshima kwenye Kombe la Afrika. Aliporudi nyumbani, wanyang'anyi wakafikiri mtu mkubwa vile lazima ako na pesa, wakampiga risasi mu mguu. Vita ilipokuja alikimbilia Afrika Kusini. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika kule Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama dakika moja kimya kwa ajili yake, kwani habari ilisema amekufa mu mgodi Angola. Alikuwa hai. Alikufa Afrika Kusini januari 2019. Miaka ile yote, mkusanyaji fulani wa Ulaya alikuwa na album ya 1974 imejaa, kila nafasi na picha yake, na akisema kwa furaha kwamba Zaire yake "imekamilika".

Nilimhadithia yaya haya kwenye simu. Alinyamaza, kisha akarudi kwenye 9-0 akacheka kidogo, kama wote wanavyocheka. Nikamwambia atafute album ya Mexico 86, mwaka Kanada yake ilifika Kombe la Dunia mara ya kwanza. Kanada ilicheza mara tatu, ikapigwa mara tatu, bao hata moja haikufunga, sawa na Zaire. Na Panini waliona nchi ile ni ndogo mu mpira, wakabana wachezaji wawili wa Kanada kwenye picha moja, nusu kwa nusu, pamoja na Iraq vilevile. Nchi yenye Gretzky, mpira wa miguu unaipa nusu uso. Siku mbili baadaye yaya alinitumia foto ya ukurasa ule bila neno, na alama ya mtu anayejifunika macho.

Basi kura yangu ni hapana, na nitaitoa siku ya posho mbele ya wote. Zamu ya likirimba ya mwezi huu iko ya dada anayetaka frigo ya kuuza maji na samaki karibu na njia ya Ruzizi ya kwanza, na zamu yake ibaki yake. Mutombo mmoja nitamnunua mwenyewe, dola mbili yangu; yaya anakuja Noeli, amlete ndani ya kitabu asikunjike.

Ila niko na ombi kwenu musomao hapa. Kuna wazee wetu, Nguba, Kadutu, Bagira, waliokuwa vijana mwaka 1974, na mu maboksi yao hakukosi kitu: picha ya Léopards iliyokatwa mu gazeti, karatasi ya shikleti, tiketi ya mchezo. Mukienda kusalimia papa ao babu wikendi hii, muulize kwa heshima, mupige foto mbele na nyuma, na muandike anachosema juu ya kila uso: huyu alikuwa nani, alitoka wapi, aliishia wapi. Mutume hapa chini. Hata ikiwa imekunjwa, hata ikiwa na madoa.